Ghala Linalohama

Saa nne ya usiku kinu kimenyamaza.
Vumbi la unga limetua kwenye vioo vya ofisi,
na Ngoie anafungua chumba cha seva kwa bega,
maana kitasa kinasubiri sahihi ya mkurugenzi
tangu Machi.

Mashine ni mbili. Si zile kubwa za kutisha,
wala si za kubeba kwapani;
za wastani, kama kampuni yenyewe.
Ya kwanza tunaiita Kaka.
Ya pili haina jina, bado haijafanya kazi.

Zamani hesabu zote zilikaa ghala moja,
lililojengewa ndani ya ukuta wa nyumba:
nyumba ikiungua, na akiba majivu.
Sasa tuna ghala huru, lenye mlango wake na kufuli lake.
Unalizima huku, unaliwasha kwa jirani,
na gunia halitambui kwamba limehama.

Gunia, sawa. Na mpishi je?
Programu ya mishahara aliiandika Kisimba
mwaka nilipokuwa darasa la pili, Katuba.
Siku hizi anafuga kuku Likasi.
Muuzaji wa mashine alituambia, "Itafanya kazi tu."
Hiyo "tu" ndiyo iliyonitoa nyumbani
bukari ikifuka moshi mezani.

Tukaanza.
Ngoie akalizima ghala upande wa Kaka.
Taa za kijani zikapepesa, zikafa.
Nikaliwasha upande wa pili. Dakika saba,
nilizihesabu nimesimama, viatu mkononi, sijui kwa nini.
Kisha nikaita: mishahara ya Septemba, wapakiaji wote.

Printa ikakohoa, ikatema karatasi.
Majina, franka, makato, jumla.
Hakuna kosa hata moja.
"Imepita, Odilia!" Ngoie akanipa mkono,
akaanza kukunja nyaya.

Mimi nilikuwa bado nasoma.
Mstari wa kumi na tisa:
Mwewa Plasidi, siku ishirini na sita, hakukosa.

Mwewa tulimzika Februari.
Mvua ilipiga, udongo mwekundu ukang'ang'ania viatu,
kampuni ikatoa jeneza na magunia matatu ya matanga.
Mwewa aliyebeba gunia huku akipiga mluzi,
akalitua polepole kama mtoto aliyelala.
Siku ishirini na sita. Septemba.

Ngoie akaziachia nyaya.

Tukafukua hadi tukaona.
Mashine hii ya pili tuliijaza kwa nakala ya Januari,
na nakala hiyo hatukuiondoa kwenye ghala lake la ukutani.
Naye Kisimba, katika mistari elfu nne,
hakuandika popote "tafuta faili lilipo."
Aliandika chumba, rafu, pembe ya rafu,
kama mtu asiyewaza kwamba nyumba huhama.
Programu haikulitazama ghala huru hata kwa jicho moja.
Ilienda palepale ilipozoea,
ikabisha, ikafunguliwa na Januari,
ikaridhika.

Sikuogopa programu inayoanguka.
Inayoanguka hupiga kelele, utaiokota.
Niliogopa hii, iliyojibu vizuri,
kwa hesabu safi, kwa sauti ya wafu.

"Tufute ya zamani?" Ngoie akauliza.
Nikasema tufute. Kidole changu kikakawia kidogo.
Tukaita tena Septemba.
Saa nane na robo skrini ikawa nyekundu:
faili halipo, programu imesimama.
Ngoie akacheka mpaka akakaa sakafuni.
Lilikuwa jibu la kwanza la kweli usiku ule.

Nikaandika kwenye ripoti: Haipatani na ghala huru.
Irekebishwe kwanza. Mashine ya pili isiaminiwe bado.
Karatasi yenye jina la Mwewa nilipaswa kuichana.
Imo ndani ya mkoba wangu, imekunjwa mara nne.

Asubuhi nikapiga simu Likasi.
Kitoto kikapokea, majogoo nyuma yake.
"Mwambie babu," nikasema, "ni watu wa kinu.
Tunamwuliza habari za rafu zake."
Kikanyamaza, kikafikiri.
"Babu yuko kwa kuku," kikasema. "Ngoja."
Nikangoja.